Faili moja kubwa, seva nne: rclone, seva ya kukodi, torenti au tovuti za kusambaza, uchukue ipi?

Wadau wa video, na nyie mnaotunza bekapu za ofisi, hii ni yenu. Una faili moja la GB 20, tuseme harusi imeshaeditiwa iko tayari, mteja anaitaka kwenye Google Drive, ndugu zake walioko Muscat wamezoea Dropbox, studio inataka nakala kwenye seva yake, na we mwenyewe unataka nakala ya akiba pembeni. Faili moja, sehemu nne. Wengi wanachofanya wanafungua tabu nne za brauza, wanaliburuta faili kwenye kila tabu alafu wanalala, asubuhi wakiamka hakuna hata moja iliyofika. Njia nyingine zipo na nyingi ni za bure, ila zinatofautiana sana, na tofauti yenyewe haipo pale watu wengi wanapoitafuta.

Hesabu kwanza

Kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri jiulize hili: faili litatoka nyumbani kwako mara ngapi? Bomba lako ni moja, ukiweka ndoo nne maji hayaongezeki, yanagawanyika.

Chukua laini inayopandisha Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde). Gawanya kwa 8, unapata MB 1.25 kwa sekunde (hapa ndo watu wanachanganyikiwa, mtoa huduma anauza kwa biti, faili lako linapimwa kwa baiti). GB 20 kwa spidi hiyo ni karibu saa nne na nusu, na hapo laini haijayumba hata kidogo. Ukipeleka sehemu nne ni karibu saa 18, na hii ya saa 18 haibadiliki hata uzitume zote kwa pamoja hata uzitume moja moja. Kinachobadilika ni kwamba ukituma moja moja mteja wa Drive anapata lake ndani ya saa nne na nusu za mwanzo anaanza kuangalia, wakati ukituma zote kwa mpigo wote wanne wanakaa wanasubiri mpaka mwisho. Kwa hiyo kwa mtu mwenye laini ndogo ya nyumbani, kuaplodi sehemu nyingi kwa wakati mmoja kutoka kwenye laptopu yake mwenyewe hakumsaidii kitu, kunamchelewesha tu.

Kuna hali moja tu ambayo kwa pamoja kunasaidia kweli: laini yako ni kubwa kuliko kile ambacho seva moja inakubali kupokea. Ofisi ina faiba inayopandisha Mbps 200 alafu seva ya upande wa pili inakupokea kwa Mbps 40, hapo kuzituma tatu au nne kwa mpigo ni sawa kabisa maana nafasi ipo.

Ukipima spidi angalia ya kupandisha, sio ya kushusha. Fast.com inakuonyesha ya kushusha tu mpaka ubonyeze kile kitufe cha taarifa zaidi, na kwa wanaotumia laini za simu hizo namba mbili mara nyingi zinaachana mbali mno. Na kama unatumia bando la GB usisahau kwamba sehemu nne ni GB 80, sio 20.

Ukishaielewa hesabu hii njia zote zinajigawa makundi mawili. Kuna zile ambazo faili linatoka kwako mara nne, na kuna zile linatoka mara moja alafu linasambaa likiwa huko nje.

rclone kwenye laptopu yako

rclone ni programu ya bure, inaongea na zaidi ya huduma 70 za kuhifadhi, Drive, Dropbox, OneDrive, Backblaze, seva za SFTP (njia salama ya kutuma mafaili kwenye seva yako), karibu kila kitu. Aliyeianzisha ni Nick Craig-Wood. Kwa kawaida hubonyezi vitufe, unaandika amri, ila amri yenyewe ni fupi:

rclone copy harusi.mov drive:Wateja -P --bwlimit "07:00,500k 23:00,off"

Hiyo -P inakuonyesha asilimia, spidi na muda uliobaki. Hiyo bwlimit ndo naipenda kuliko yote: inasema kuanzia saa moja asubuhi usizidi KB 500 kwa sekunde, ikifika saa tano usiku achia zote. Maana wengi hawajui kwamba ukijaza njia ya kupandisha mpaka mwisho hata kushusha kunakufa, kwa sababu kila kinachoshuka kinahitaji kurudisha vijibu vidogo vya kuthibitisha kimepokelewa na vijibu hivo vinakwama kwenye foleni nyuma ya faili lako, ndo unakuta nyumba nzima inalalamika wifi mbovu kumbe ni wewe na harusi yako.

Je rclone inaweza kutuma sehemu nyingi kwa amri moja? Inaweza, kuna kitu kinaitwa union, unaziunganisha Drive, Dropbox na nyingine zionekane kama folda moja, ukiweka sera ya kuandika iwe "all" faili linaandikwa kote kwa pamoja. Ni nzuri, ila faili bado linatoka kwako mara nne, na yule anayepokea polepole anawavuta wenzake wote. Mi kwa laini ya nyumbani ningeandika amri nne zifuatane, ya mteja iwe ya kwanza.

Sasa udhaifu wake, na huu kwa mazingira yetu ni mkubwa. Mtandao ukikatika kidogo rclone inajaribu tena yenyewe haina shida, lakini umeme ukikatika laptopu ikazima, faili lililofika asilimia 90 linaanza upya kutoka sifuri. Yale yaliyokwisha kufika kamili inayaruka, ila lile lililokuwa njiani halina kuendelea pale lilipoishia. Ukiwa na picha 3,000 ndogo ndogo huumii, ukiwa na faili moja la GB 20 unaumia haswa.

Mambo mawili ya kushika kabla sijaendelea. Moja, tumia copy, usitumie sync kama hujaelewa, maana sync inafanya upande wa pili ufanane na wa kwako, yaani kilichopo kule ambacho kwako hakipo INAKIFUTA. Mbili, kwa Drive tengeneza client ID yako mwenyewe (kitambulisho ambacho programu inajitambulisha nacho kwa Google), maelekezo yapo kwenye ukurasa wa rclone, kwa sababu ile inayokuja nayo mnashea na dunia nzima na inakwenda taratibu.

Alafu kuna jambo linawapotosha wengi. Mtu anasema nitaaplodi Drive tu, baadaye nitaambia rclone ihamishe kutoka Drive kwenda Dropbox, si zote ziko hukohuko mtandaoni? Hapana. Kunakili kunakofanyika hukohuko ni ndani ya huduma moja tu. Ukitoka Drive kwenda Dropbox, rclone inashusha faili kuja kwenye laptopu yako kipande kwa kipande inalipandisha tena, kwa hiyo umelipa mara mbili, kushuka na kupanda. Zipo tovuti kama MultCloud zinazofanya huo uhamisho kwenye seva zao, na kazi zinafanya, ila lazima uwape ruhusa ya kuingia kwenye akaunti zako. Kwa video ya harusi labda utakubali. Kwa mafaili ya wagonjwa au mishahara ya watu usithubutu.

Seva ya kukodi katikati

Hii ndo njia ninayoipigia debe. Unakodi seva ndogo huko nje, unaipelekea faili mara moja, alafu yenyewe ndo inasambaza kwa wale wanne kwa kutumia rclone hiyohiyo, ila sasa inatumia intaneti ya data senta sio ya kwako. Seva nyingi za namna hii zina laini ya karibu Gbps 1 (yaani Mbps 1,000), ambapo GB 20 kwa hesabu ya karatasi ni sekunde 160. Kiuhalisia itazidi hapo maana Drive na Dropbox nao wana mwendo wao, lakini tunaongelea dakika, na hata ikichukua saa haikuhusu, laptopu umeshazima umeenda zako.

Kwa hiyo zile saa 18 zinakuwa saa nne na nusu na kidogo. Na bando ni GB 20 tu.

Faida ya pili ndo kubwa zaidi kwa maoni yangu: kutoka kwako kwenda kwenye seva hiyo unatumia rsync, na rsync inajua kuendelea pale ilipoishia. Ni programu ya 1996, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ya zamani na bado hakuna inayoifikia kwa kazi hii. Amri ni

rsync -avP harusi.mov jina@seva:/data/

na hiyo P inaiambia ikikatika usitupe kilichofika. Umeme ukikata saa nane usiku, ukirudi unaandika amri ileile, inaangalia kilichopo kule na kwako, inapeleka kilichobaki. Na ukirekebisha sekunde chache mwanzoni mwa video ukatuma tena, rsync inaweza kukuta vipande vingi ni vilevile ikatuma vilivyobadilika tu, japo kwa video iliyorenda upya usitegemee sana kwa sababu kurenda kunabadilisha karibu faili lote.

Sasa gharama. DigitalOcean kwa mfano ile ya dola 6 kwa mwezi inakupa RAM ya GB 1, diski ya GB 25 na GB 1,000 za kutuma nje kwa mwezi. Kutuma GB 80 kwa wale wanne ni chini ya sehemu moja ya kumi. Ila ona hapo kwenye diski: GB 25, na mfumo wenyewe umeshakula GB kadhaa, faili lako la GB 20 linaingia kwa kubanana sana na la GB 30 haliingii kabisa. Chukua yenye diski kubwa zaidi au ongeza diski ya pembeni, na uangalie mapema sio rsync iko asilimia 95 ndo ikuambie nafasi imejaa. Kingine, ukimaliza IFUTE seva, kuizima tu hakutoshi, iliyozimwa bado inashikilia diski na inaendelea kukuchaji.

Kulipa kunahitaji kadi. Ile kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa watu wanaitumia, hakikisha tu ina hela kidogo zaidi ya bei maana wengine wanakata kiasi kidogo cha kuhakiki kwanza.

Usalama nao tuseme ukweli. Ile seva itakuwa na faili la config (mipangilio) la rclone lenye funguo za Drive na Dropbox zako. Mtu akiingia humo ameingia kwenye akaunti zako. Weka pasiwedi kwenye config (rclone inakuruhusu kuifunga), ingia kwa ufunguo wa SSH (faili la siri kwenye laptopu yako linalotumika badala ya pasiwedi), na ukimaliza ondoa ruhusa kwenye akaunti ya Google. Na amri ya kusambaza iendeshe ndani ya tmux au screen, programu zinazoacha kazi iendelee kwenye seva hata ukiondoka, la sivyo ukifunga laptopu uhamisho nao unakufa na utadhani seva ndo mbovu.

Seva iwe wapi? Ukiwa Dar au Nairobi, Afrika Kusini na Ulaya zote zinafikika vizuri, jaribu mwenyewe kwa laini yako. Ila kumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini siku moja na nchi zetu zikabaki zinachechemea. Siku kama hizo ukiwa na rsync unapata usingizi, ukiwa na tabu nne za brauza huupati.

Tovuti za kusambaza

Hizi ni kama MultiUp na Mirrored.to (zamani Mirrorcreator). Unaaplodi mara moja kwao, wao wanalipeleka faili kwenye tovuti nyingi za kuhifadhi alafu wanakupa linki moja yenye linki zote ndani. Kwa ile hesabu yetu ziko kundi zuri, faili linatoka kwako mara moja, hakuna amri hakuna kadi. Kwa kitu cha wazi ambacho unataka kiwafikie watu wengi na hata kikipotea hukosi usingizi, zinatosha.

Kwa kazi ya mteja, hapana. Matangazo yamejaa na vitufe vya uongo vya kudaunlodi, bibi harusi akibonyeza pasipo umempa virusi siku yake ya furaha. Nyingi zinafuta faili lisipodaunlodiwa kwa muda. Hazikupelekei kwenye Drive ya mteja, zinakupelekea kwenye tovuti wanazozichagua wao. Na zenyewe zinakufa: RapidShare iliyokuwa kati ya zile kubwa kabisa ilifungwa Machi 2015. Megaupload serikali ya Marekani iliifunga Januari 2012, na mmoja wa walioumia ni Kyle Goodwin wa Ohio, mtu wa video kama sisi, alikuwa anarekodi mechi za shule za kwao, kazi zake halali kabisa zikanasia humo, diski yake ya nyumbani nayo ilikuwa imeharibika, ikabidi aende mahakamani kuomba mafaili yake mwenyewe. Nikisoma habari yake roho inaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuiba kitu cha mtu.

Torenti na Syncthing

Watu wakisikia torenti wanafikiria muvi za wizi, lakini kama seva zote ni zako hakuna njia yenye akili zaidi ya hii. Faili linakatwa vipande, unampa huyu kipande cha kwanza, yule cha pili, alafu wao kwa wao wanabadilishana, kwa hiyo we unatoa nakala moja na zaidi kidogo hata kama seva ni 40. Kila kipande kinahakikiwa kwa hashi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, yakibadilika nayo inabadilika), kikifika kibovu kinatupwa kinaombwa tena. Ndani ya programu nyingi kuna hali ya "super seeding" ambayo kazi yake ni hiyo hasa, mwenye faili asirudie kutuma kipande ambacho tayari kuna mwenzake anacho.

Twitter walifanya hivi 2010, walikuwa wanasambaza msimbo mpya wa programu yao kwenye maelfu ya seva zao kutoka sehemu moja na ilikuwa inawachukua dakika 40 hivi, wakahamia mfumo wa BitTorrent waliouita Murder, ikashuka mpaka sekunde 12. Hawakununua laini kubwa zaidi, walichobadilisha ni nani anamtumia nani.

Syncthing ni wazo la kufanana na hilo kwa watu wasiotaka mambo ya torenti, unaweka folda, unaunganisha mashine, kila kinachoingia kwenye folda kinafika kwa wote na mashine zinapeana vipande zenyewe. Umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Kwa studio yenye matawi Arusha, Mwanza na Dar ambayo kila siku inashea mafaili yaleyale mi ningeweka hii hata bila kufikiri mara mbili. Fungua tu poti 22000 (mlango wa mtandao ambao Syncthing inapitia) kwenye seva angalau moja, la sivyo data inaweza kupita kwenye seva za kupokezana za watu wa kujitolea na hizo zinakwenda pole.

Zote mbili tatizo lao ni lilelile: lazima uweze kuweka programu upande wa pili. Drive haiwezi kuingia kwenye torenti yako, na mjomba wa Muscat hautamfundisha programu ya torenti kama qBittorrent kwa simu.

Sasa we uchukue ipi

Kama sehemu zote ni akaunti za wingu na faili ni moja kubwa na laini ni ya nyumbani: rsync mpaka seva ya kukodi, rclone kutoka pale. Usiku mmoja.

Kama hutaki kabisa kulipa na una muda: rclone ya laptopu, moja moja, anayehitaji haraka awe wa kwanza, na UPS kama unayo. Kama seva zote ni zako, Syncthing kwa kazi ya kila siku, torenti kwa kusambaza kitu kimoja kwenye seva nyingi. Kama ni chini ya GB 2, jamani, tuma Telegram au WhatsApp kama dokumenti, yote haya hayakuhusu.

Na pengine huhitaji sehemu nne. Mpiga picha Peter Krogh ndo aliitoa ile kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali. Nakala ya kwenye diski yako, ya kwenye hard disk ya nje na ya Drive zinatimiza hiyo kanuni tayari, na linki ya Drive mjomba anaifungua vilevile hata kama alizoea Dropbox.

Yoyote utakayochukua, usifute la kwako kabla hujalinganisha. rclone check inafanya hivo, inalinganisha hashi za kwako na za kule, na kwa seva yako amri ya sha256sum, inayokokotoa hashi ya faili, ukiiendesha pande zote mbili inatosha. Ukubwa kufanana hauthibitishi kwamba yaliyomo yamefika salama.

Alafu kuna kiwango ambacho njia zote hizi zinashindwa. TB 1 kwa Mbps 10 ni zaidi ya siku tisa mfululizo, usiku na mchana. Kama anayeipokea yuko Mwanza, nakili kwenye hard disk mbili, moja baki nayo, nyingine ifunge kwa pasiwedi uipeleke ofisi ya basi na risiti yake, atakuwa anaangalia wakati laini yako ingekuwa haijamaliza hata asilimia 25.